Kifuniko Kimoja Jioni

Jumapili, 7 Machi

Mvua imeanza mchana, na wageni wa mwisho wameshuka mlima kabla haijakolea. Ni mtu na mkewe, bado wabichi katika ndoa. Walilala hapa siku mbili, wakipika kahawa yao barazani kwenye jiko dogo la safari na kucheka ovyo mpaka nikawaonea kijicho.

Kabla ya kuondoka walitimiza desturi ya nyumba. Kila mpanda mlima huja na kichupa bapa cha chuma mfukoni, chenye pombe kali ya kupashia mwili njiani. Akishuka, hukiacha rafuni pamoja na kilichobaki ndani, akachukua kitupu kilichoachwa na mwingine. Haruhusiwi kuandika wala kusema kilichomo. Baba mkwe wangu, mwenye nyumba, atakionja siku yake ikifika na kubashiri ni kinywaji gani, na mwenye nacho akirudi msimu mwingine ataambiwa alichokuwa anakunywa. Vichupa vyote mzee anavikumbuka kwa mikwaruzo na mabonyeo yake. Wapanda milima wanamwita Mzee Kifuniko, kwa kuwa huonja kifuniko kimoja tu, jioni, baada ya kunusa kwa madaha yote.

Rafu imejaa. Tumebaki wawili mlimani, yeye na mimi, mpaka mvua iishe.

Jumanne, 9 Machi

Mvua. Nimekunja blanketi za wageni, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Ijumaa, 12 Machi

Leo nimesomeshwa. Niliuliza kwa kukosa la kusema tu, "Baba, hivi kipi hasa ni kizuri cha kubeba?" Akaweka kisu alichokuwa akimenyea viazi, akanigeukia mzimamzima. Alikuwa mpima ardhi miaka yote ya kazi yake, na bado anaongea kama mtu anayeonyesha mipaka ya shamba.

"Inategemea unakwenda wapi," akasema. "Brandi ni ya baridi kavu, ya kileleni. Ramu ni ya mvua. Mtu aliyelowa mpe ramu, inamrudishia miguu. Wiski ni ya anayetembea peke yake, maana haitaki mazungumzo."

"Na jin?"

"Jin inataka barafu, limau na kiti cha kukalia. Ukimwona mtu anapanda mlima na jin, huyo alikuwa anakwenda harusini akapotea."

"Vodka je?"

"Ya kuoshea vidonda."

Kisha sheria. Kichupa kijazwe hadi shingoni, kisicheze, kwani pombe inayotikiswa kutwa huchoka kuliko aliyeibeba. Kikae mfuko wa ndani, upande wa moyo. Kisifunguliwe kabla ya kufika. Anayekunywa njiani hanywi, anajidanganya. Nikamuuliza mimi angenitilia nini.

"Wewe? Chai."

Nimecheka, na sikupenda kwamba nimecheka. Mtu akishakufanya mfungwa asikuchekeshe tena, ni kukuonea mara mbili.

Jumapili, 14 Machi

Nimekwenda kwenye jiwe la simu. Ni mwamba ulio juu ya nyumba, mahali pekee penye mtandao, na hata hapo unasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Nilimpigia kwanza shoga yangu mjini. Karakana yake ya kushona imepata kazi ya sare za shule, vyerehani vimefika, na meza ya mkataji bado ni yangu.

"Lakini ni mwisho wa Aprili, shoga," akasema. "Nimezuia watu wawili wanaoitaka. Zaidi ya hapo wenzangu watanila nyama."

Nikampigia mume wangu. Anachimba visima huko mbali, anarudi mara moja kwa miezi mitatu. Nilikuja hapa kumshika mkono baba yake baada ya mama mkwe kufariki, na tulisema wiki mbili. Sasa nimeshapita mwaka. Nikamwambia habari ya meza. Nikasikia mashine zikinguruma nyuma yake.

"Mvua ikiisha tutaongea, mke wangu."

Tutaongea. Kama neno hilo lingekuwa tofali, tungekuwa na ghorofa.

Jumamosi, 20 Machi

Maharage yameungua hadi moshi umejaa chumba. Nilikuwa nje nikizibua mfereji, na mzee alikuwa amekaa hatua chache kutoka jikoni, anasoma. Hakuinua hata kichwa. Akala, akasema, "Maharage matamu." Naona siku hizi ananikejeli.

Alhamisi, 25 Machi

Daraja limekwenda. Tulisikia mlio asubuhi, tukadhani ni ngurumo. Nilishuka hadi ukingoni na kukuta nguzo mbili zimesimama peke yake, maji ya rangi ya matope yakipita katikati kwa hasira. Ng'ambo walikuwepo wanaume wa barabara na nyapara wao, mtu mnene mwenye koti la njano. Akanipigia kelele huku amekinga kinywa pande zote kwa viganja.

"Mna chakula?"

"Tunacho!"

"Basi tulieni! Maji yakipungua tutavuta kamba!"

"Yatapungua lini?"

Akatazama mto, akatazama mbingu, akanipungia mkono kama mtu anayeaga.

Nilirudi juu taratibu. Kabla ya leo nilikuwa nasema nimefungwa, na ilikuwa maneno tu ya uchungu. Sasa ni kweli, na kweli ina uzito mwingine. Nyumba ina vyumba vinne na kila kimoja kinavuja mahali pake. Nimeshajua sauti ya kila ndoo. Mzee nilipomweleza habari ya daraja alisema tu, "Ah," kisha akasimama mbele ya rafu kuchagua kichupa cha jioni. Nilitamani kuipindua rafu ile yote.

Jumapili, 28 Machi

Tumegombana.

Mume wangu ameropoka kwenye simu. Kumbe mzee amekuwa akipanda kwenye jiwe kisirisiri, kwa fimbo yake, mvuani, kumpigia mwanawe. Na anachomwambia ni kimoja: mkeo asiondoke. Hata mvua ikiisha, asiondoke. Mwezi wa kumi na mbili alimwambia hivyo, na mwezi wa pili, na juzi tena. Mimi huku nahesabu mawingu, kumbe kufuli liko kwa mtu ninayemkorogea uji!

Nilimkuta anafuta taa. "Baba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona unamwambia mwanao anizuie? Nina kazi inaningoja. Nina mikono. Kabla ya kuolewa nilikuwa nakata suti, si viazi."

"Nyumba hii haikaliki na mtu mmoja."

"Ulisema utakaa peke yako! Kwenye matanga ulisema mbele ya watu!"

Akazungusha kioo cha taa mikononi. "Nilisema," akakubali. "Sasa nasema vingine."

Nilimuuliza sababu mara tatu, na mara ya tatu nilipandisha sauti, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya mkwe. Akaenda chumbani na kufunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza. Namchukia, Mungu anisamehe. Ni mzee mchoyo anayetaka mtumishi, basi.

Jumatano, 31 Machi

Hatusemeshani. Mvua ndiyo inayosema.

Jumamosi, 3 Aprili

Jioni alifungua kichupa chenye kovu begani. Akafanya ibada yake: akakifungua, akakipitisha chini ya pua kulia na kushoto, akafumba macho, akamimina kifuniko, akanywa. "Brandi," akatangaza. "Ya zabibu. Ya yule mwalimu mrefu, alipanda baridi kali."

Nilipokuwa nafuta meza nilikisogeza, na harufu ikanipanda puani. Molasi. Sukari iliyoungua. Mimi si mnywaji, lakini hata mtoto angesema ile ni ramu. Nilitaka kumwambia, kisha nikaona si kazi yangu. Kama uzee umemfikia puani, shauri yake. Tena, niseme kweli, nilifurahi kidogo.

Jumatatu, 5 Aprili

Ukungu umeingia mpaka sebuleni. Nimepiga pasi nguo ambazo hakuna atakayeziona.

Alhamisi, 8 Aprili

Maziwa ya kopo niliyoyasahau wazi yameganda na kunuka. Nilikuwa naenda kuyamwaga, nikamkuta ameshayatia kwenye chai yake na anakunywa, vibonge vinaelea.

"Baba! Yameharibika hayo."

Akatazama kikombe kana kwamba mtu amekibadilisha. "Nimeona," akasema. "Sipendi kutupa chakula." Na akamaliza! Tumbo lake limemsumbua kutwa. Kiburi gani hicho, mtu ale uozo kuliko kukubali amekosea?

Jumamosi, 10 Aprili

Leo amevunja sheria yake mwenyewe.

Zamu ilikuwa ya kichupa cha wale vijana wa kahawa. Akanusa, akamimina kifuniko, akanywa. Nikaona uso wake umebadilika. Macho yamemtoka, akakohoa, kisha akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu nimjue.

"Kumbe bado kipo!" akasema. "Nimekisikia! Kimenipita hapa, na hapa." Akajigusa koo, akajigusa kifua. Akamimina cha pili. Akamimina cha tatu.

"Baba, kifuniko kimoja."

"Leo niache, mama. Leo niache."

Ni kinywaji gani? Akasema hajui, hajawahi kukutana nacho, na wale vijana wakirudi atawapa mkono. Tumeongea kidogo kwa mara ya kwanza tangu ugomvi. Amelala akiwa na furaha, nami nimebaki najiuliza pombe gani hiyo inayomfanya mtu awe mwema.

Jumapili, 11 Aprili

Naandika vipande vipande, nikipata nafasi.

Asubuhi hakuamka. Nikadhani ni uchovu wa vifuniko vitatu, nikacheka moyoni. Mchana nikampelekea uji, nikamkuta amejikunja, kichwa kinampasuka, ametapika kwenye beseni. Nikafungua dirisha. Akasema, "Washa taa, mbona giza."

"Ni mchana, baba."

"Basi kuna ukungu humu ndani."

Hakukuwa na ukungu. Nilipunga mkono mbele ya uso wake, naye akautazama kama mtu anayetazama kitu chini ya maji.

Sijui nini kilinipeleka kwenye kile kichupa. Nilikifungua na kunusa, na papo hapo nikajua. Spiriti. Spiriti ya kuwashia jiko, ile ile waliyopikia kahawa barazani! Walikuwa na vichupa viwili vya kufanana, kimoja cha kunywa na kimoja cha jiko, wakatuachia wasichokusudia. Na desturi ya nyumba hii inasema usiandike, usiseme. Hakuna mahali pengine duniani ambapo watu wazima wangeweza kufanya kosa hilo.

Nilipanda kwenye jiwe kwa magoti. Wifi yangu, binti yake mzee, ni muuguzi hospitali ya mjini. Alipokea mara ya nne.

"Amekunywa spiriti," nikasema. "Vifuniko vitatu, jana jioni. Haoni vizuri."

Nikasikia kiti kikisukumwa. Kisha sauti yake ikawa ya kazini, na nikamshukuru kwa hilo. Akaniambia nisikate, akaenda kwa daktari, akarudi anahema.

"Sikiliza. Mna pombe kali humo? Pombe safi, ya kunywa?"

"Wifi, humu hakuna kingine!"

"Mpe. Ile sumu ikikutana na pombe safi mwilini inachelewa kugeuka kuwa kali zaidi. Daktari anasema ni dawa ya kushikilia tu, mpaka afike hapa. Utampa kidogo kidogo, usikatize, mchana na usiku." Akanipa vipimo, akanitaka nivirudie. "Na kila kichupa kabla hujampa, kinuse. Umenisikia? Usiamini rafu ile. Kinuse mwenyewe."

Nyapara amepigiwa. Kesho watajaribu kamba.

Jumatatu, 12 Aprili

Maji hayajapungua. Walirusha kamba mara nyingi, mto ukaichukua kila mara. Niliwaona kutoka juu, wadogo, wakikimbia ukingoni. Kisha mvua ikawafuta.

Nimevishusha vichupa vyote mezani. Nafungua kimoja, nanusa, naweka upande huu au ule. Vingine ni tone tu. Nikimpa kifuniko anauliza, "Kipi hicho?" Nami namwambia, "Chenye bonyeo katikati." Anauliza, "Kinanukaje?"

Mara ya kwanza nilidhani anapima akili yangu. Nikasema sijui, pombe tu. Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Niambie kinanukaje, mama. Nakuomba."

Nikanusa tena. Nikamwambia moshi. Moshi wa kuni zilizolowa, na kitu kama ngozi ya kiatu kipya. Akafumba macho yake yasiyoona vizuri, akatabasamu. "Wiski. Ya yule daktari wa mifugo."

"Wewe hukuisikia, baba?"

Akanirudishia kifuniko mkononi. Pombe ilikuwa imeshamlegeza ulimi, lakini sidhani kama ni pombe iliyosema.

"Sisikii kitu," akasema. "Tangu mafua yale ya mwaka juzi, kabla mama yenu hajafa. Nilingoja pua irudi, haikurudi. Si pombe, si chakula, si sabuni. Mwenzangu amekufa, na mimi sikuweza hata kunusa nguo zake."

Nikakaa chini sakafuni, kando ya kitanda.

"Mwezi ule wa kwanza, kabla hujaja, niliacha chungu motoni nikaingia kulala. Nikaamka chumba kizima kimejaa moshi, najua kwa macho tu, kwa kuwasha. Nikasema siku nyingine sitaamka. Basi ulipokuja, nikamwambia mwanangu asikuruhusu uondoke. Sababu sikumwambia. Mzee Kifuniko bila pua ni nani? Ni mtu wa kuwekwa kwenye kiti. Nikaona afadhali unichukie."

Maharage. Maziwa. Ramu. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yangu na mimi nikakiita kiburi, nikakiita kejeli. Nililia pale pale, bila kujificha. Naye akanipapasa kichwa, akikosea, akigusa bega kwanza.

"Hii spiriti," akasema, "ndiyo kitu cha kwanza nilichokisikia kwa muda wote huo. Ilichoma, nikadhani pua inarudi."

Jumanne, 13 Aprili

Bado mvua, bado mto. Siandiki sana, mikono inanuka rafu nzima. Amelewa, analia, anaimba, anasinzia, namwamsha. Naye kila kifuniko anauliza. Nimemwambia ganda la chungwa, nimemwambia karafuu, nimemwambia mbao zilizorandwa leo. Kimoja nilikwama, nikasema kinanuka kama duka la vitambaa asubuhi, kabla watu hawajaingia. Akasema, "Unapakumbuka, eh?" Nikamwambia nyamaza, baba, unywe.

Sikuwahi kufikiri nitamlazimisha mkwe wangu pombe huku nikimshika kidevu.

Jumatano, 14 Aprili

Wamevuka. Kamba ilishika asubuhi, mvua ilipopumzika. Nyapara mwenyewe alikuja, koti la njano limelowa mpaka limekuwa kahawia. Wakamfunga mzee kwenye machela ya magunia na kumpitisha juu ya maji akiwa amelewa tilalila, akiwapigia kelele kwamba kamba haikupimwa vizuri. Wanaume walicheka huku wamekaza meno. Nilivuka baada yake. Sikutazama chini wala nyuma.

Jumamosi, 17 Aprili

Hospitali. Ataishi. Daktari amesema ile pombe ndiyo iliyompa muda. Macho hayatarudi yote: anaona mwanga, anaona umbo la mtu, haoni sura. Wifi amenikumbatia mbele ya wagonjwa wote. "Wewe ndiye mwenye moyo," akasema. "Baba hana mtu kama wewe." Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilihisi mlango unarudishwa taratibu nyuma yangu.

Jumanne, 20 Aprili

Mume wangu amefika jana, amekonda, ana matope ya visima hadi kwenye nyusi. Usiku alinishukuru mpaka akalia. Kisha akasema daraja litajengwa mwezi ujao, na nitahitaji msichana wa kunisaidia huko juu, maana sasa baba haoni. Ameshapanga. Wifi ameshakubali. Hakuna aliyeuliza, na nimeelewa kwa nini: baada ya niliyoyafanya, nani angefikiria nitasema hapana? Hata mimi sijaweza kulitamka. Nilipokuwa namchukia ningeweza kuondoka nikiwa nimeinua kichwa. Sasa nimempenda, na mapenzi yamenifunga kuliko mto.

Leo nilikuwa peke yangu naye wodini. Nilimkata kucha. Akauliza, "Ile meza yako ya kukatia, inafungwa lini?"

"Mwisho wa mwezi, baba. Achana nayo."

"Ukiiendea watasema nini?"

Sikutaka kumdanganya. "Watasema nimemkimbia kipofu. Dada yako mkubwa ndiye atakayelitangaza, na mwanao atalibeba maisha yake yote hata asiponiambia."

"Na mimi nikisema nimekuruhusu?"

"Watasema nimekubembeleza."

Akatikisa kichwa polepole. Akanipa mkono mwingine.

Alhamisi, 22 Aprili

Leo walikusanyika wote kitandani kwake: mume wangu, wifi, shangazi wawili, na jirani wa shangazi ambaye hakualikwa. Mume wangu akaanza kueleza mpango wa kurudi mlimani. Mzee akamkata kauli.

"Na huyu?" Akaninyooshea kidole, akikosa kidogo, akimwelekea wifi, kisha akanipata. "Huyu harudi nyumbani kwangu."

"Baba?"

"Simtaki! Amenifungia ndani siku tatu akinimiminia pombe kama pipa, kila saa kunywa, kila saa kunywa. Amemaliza rafu yangu yote! Vichupa vya watu, vya miaka! Mwanamke gani huyo? Asikanyage kwangu tena."

Wodi nzima ikageuka. Wifi akaziba mdomo. "Baba, huna haya! Huyu ndiye aliyekuokoa!"

"Nani alimwomba? Nitakaa kwako wewe, binti yangu wa kumzaa. Kwani mimi sina watoto, mpaka nilelewe na mkwe?"

Shangazi mkubwa, yule niliyemwogopa kuliko wote, akanishika mabega mbele ya kila mtu na kusema maskini mtoto wa watu, wema umemponza, mwacheni aende zake akapumzike. Jirani akatikisa kichwa na kusema ndivyo wazee walivyo, shukrani ya punda ni mateke.

Nilimtazama mzee. Kidevu chake kilikuwa kinatetemeka. Nilitaka kupiga kelele kwamba anasema uongo, kwamba ni mtu aliyenishika mkono akiniuliza harufu ya moshi. Nilifungua kinywa kabisa. Akanigeuzia uso ukutani, akasema kwa ukali, "Bado yupo? Mtoeni." Nikaelewa kwamba nikimtetea namharibia, na mlango anaonifungulia utafungwa.

Nikatoka. Kwenye ngazi nililia mpaka nikakaa chini. Mume wangu akanifuata mbio, akapiga magoti, akaniomba msamaha kwa niaba ya baba yake, akasema mzee amechanganyikiwa na sumu, akasema niende kwa shoga yangu nikaanze kazi, atakuja kuniona huko, na mlimani hatanirudisha tena hata akilazimishwa. Yote niliyoyasubiri mwaka mzima aliyasema kwa pumzi moja. Kisha akanipa leso yake na kuniomba nisiyaweke moyoni maneno ya baba yake.

Nikamwambia hilo siliwezi, naye akadhani bado nina hasira.